Ikulu ya Rangi Mbichi

Jumatatu, Seoul. Jua linawaka lakini baridi inakata masikio. Nimeudhika tangu asubuhi.

Sisi wafanyabiashara wa pamba kutoka Bariadi tumekuja Korea kuangalia mashine za kuchambulia pamba, na leo wenyeji wetu wametupeleka kwenye ikulu ya wafalme wao wa kale. Ya kale! Rangi yenyewe mbichi kuliko gesti za Lamadi. Walinzi wa getini wamebandika ndevu, nimeuona ukingo wa gundi kwa macho yangu. Na ukikodi joho la kifalme duka la ng'ambo ya barabara, unaingia bure. Ufalme wa kukodi kwa saa, jamani!

Nimecheka waziwazi. Hata picha nimesusa kupiga.

Mwenzangu Masunga, tuliyekua naye kijiji kimoja, akakodi joho jekundu na kofia nyeusi, akatembea tumbo mbele. Mtu mzima na akili zake! Nimeona aibu kuongozana naye.

Binti aliyetutembeza akaeleza kwamba wakoloni waliivunja ikulu hii karibu yote, mbao zikauzwa. Wenyewe ndio wanairudisha, jengo moja moja, miaka nenda rudi. Nikamwambia, "Sasa si mngesema tu ni mpya?" Hakukasirika. Akatuuliza ikulu ya wafalme wetu ikoje.

Masunga hakunitazama. "Ya mtemi wetu ilikuwa ya mawe," akasema. "Mkoloni hakuigusa. Mawe yake yako kwenye ghala la pamba la huyu bwana."

Binti akatabasamu, akidhani ni utani.

Si utani.

Mwaka ule soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi tukaruhusiwa, kila mtu akawa anahangaika apate ghala kabla ya msimu. Nyumba ya mtemi ilikuwa imekaa bila paa tangu utemi ulipofutwa. Nikapeleka trekta kusomba mawe yake, safari nne. Hakuna aliyenizuia isipokuwa mayu, mama yangu mzazi, ambaye baba yake alikuwa mtunza ngoma za mtemi. Alisimama katikati ya njia. Dereva akamzunguka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mawe, nikampigia kelele, "Mayu, hayo mambo yamepitwa na wakati!"

Mpaka leo hajakanyaga ghalani kwangu.

Juzi nilipomuaga hakuagiza kitu, si kitenge, si nini. Alinishika mkono tu. "Ukifika huko, uniangalizie nyumba ya mtemi wao wameitunzaje."

Kutwa nzima nimewadharau watu kwa sababu wamepaka rangi. Hawa wamekosa hata mbao zao, wamechonga nyingine. Mawe yetu mimi najua yalipo, yote, niliyapaka chokaa kwa mkono wangu. Nina aibu, na safari hii si kwa ajili ya Masunga.

Ijumaa nafika Somanda, kwa mayu. Ataniuliza kabla sijavua viatu. Nianzie kwenye rangi, au kwenye trekta?