Harufu ya Kambale Entebbe

Omera Otieno, ndugu yangu,

Salamu kutoka Entebbe, mji mkuu wa Uganda enzi za wakoloni. Miguu yangu imegoma, kwa hiyo mjukuu wetu Akinyi alikodi gari, nami nikatazama majumba ya magavana dirishani kama gavana mwenyewe. Mwenye gari alituonya tusile ndani.

Jana tulikula ndani. Akinyi aliniletea kambale wa kukaanga, nikammaliza hadi kichwa. Tuliporudisha gari, mwenyewe alinusa mara moja tu.

“Mzee, huyu ni kambale.”

“Umejuaje?” Akinyi akamuuliza.

“Si nimemla tangu utotoni.”

Jibu jepesi hivyo, omera, mimi lilinishinda. Miaka ile nilisimama kanisani nikasema nimesikia jikoni kwako harufu ya samaki asiye na magamba, aliyekatazwa na kanisa letu. Ukanyang'anywa uongozi wa kwaya, na hakuna aliyeuliza mimi, mzee wa kanisa, niliijuaje harufu hiyo. Niliijua kwa kuwa nilimla kwa siri kila nilipokwenda Homa Bay. Daktari anasema siku zangu ni chache, na sitaki kuondoka na hili. Nisamehe.

Nimechagua kadi isiyo na bahasha makusudi. Nilikuaibisha mbele ya watu, basi watu wa posta ya kwetu Karungu waisome kabla yako. Nikifika nyumbani nipikie kambale, na mlango wa jikoni uuache wazi.

Kaka yako akupendaye,
Ochieng'