Ukurasa Mmoja, Nchi Mbili

6 Februari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua kwa baridi ya huku. Goti la mama limetulia?

Utafiti umekamilika. Watoto wa darasa la tatu, shule kumi kila nchi, ukurasa uleule, dakika moja. Huku ugenini wanaosoma sawasawa ni thelathini na wanane kati ya mia. Kwetu ni tisini na mmoja! Profesa aliguna: "Una hakika na msimamizi wako wa kule?" Nikamjibu, "Tumenyonya ziwa moja." Wafadhili watapeleka walimu wa kusoma kwenye nchi iliyo nyuma, yaani huku. Ahsante kwa kuzungusha shuleni zile bahasha zenye ukurasa. Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anatembea, na anagomba, kwa hiyo mzima. Hongera, msomi wetu. Mwanetu atakuja kwako likizo. Jiandae, anakula kama fundi mwashi.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mtoto kafika salama.

Jana aliukuta ule ukurasa mezani kwangu. Akausoma wote bila kukwama, macho yake yakiwa dirishani. Nikampa ukurasa mwingine, mwepesi zaidi. Akaugeuza huku na huku. Nikamwonyesha neno moja tu. Akaniambia, "Mama mdogo, ukurasa huu mama hakutufundisha."

Dada, bahasha zilikuwa zimefungwa kwa gundi. Niambie nimekosea.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujakosea.

Nilizifungua wiki tatu kabla ya kipimo, nikawapa ukurasa wenzangu wa shule tisa nyingine. Wewe ulitaka nini? Darasani nina watoto themanini na wawili na vitabu kumi na kimoja. Mgeni akija, mtu hufagia ukumbi. Nilisema, mdogo wangu hatatiwa aibu mbele ya wasomi wa watu, na nchi yetu haitachekwa na jirani. Nilifanya kwa ajili yako.

Nakusihi, funika. Mshahara wangu ndio unaomlisha mama.

Dada yako

3 Mei

Dada,

Shikamoo.

Umesema kwa ajili yangu. Mimi nilikuomba ukweli tu, hata ungekuwa tisa kati ya mia. Kwa sababu ya fahari yako, watoto wako themanini na wawili walihesabiwa kuwa wanasoma, na nani angewatumia mwalimu? Mwanao yumo humo. Kila jioni tunaanza na herufi, na analia kwa kuwa alidhani anajua.

Jana nilisimama mbele ya profesa nikamwambia yote. Jina lako sikulitaja. Hakuniuliza, alikuwa analo.

Mama nitamtumia mimi.

Mdogo wako

29 Mei

Barua ya kunisimamisha kazi imefika. Walimu tisa wamepata kama yangu. Mmoja alibakiza miezi minne astaafu. Tukikutana sokoni wanavuka barabara.

Nasikia hao walimu wa kusoma sasa watakuja kwetu. Heri.

Pesa zako mama amezirudisha, amesema usijisumbue.

Likizo ya mtoto ilikwisha siku nyingi; mpandishe basi la Jumamosi asubuhi. Atapokelewa. Wewe usije.

Mama yake