Kimali Nimeipa Nane

Kwa Masele, Nkololo,
Bariadi, Simiyu.
9 Agosti 2025

Mpendwa shangazi Lukresia,

Shikamoo, sengi. Na mwangaluka, kama barua imekukuta asubuhi. Kifua vipi? Miguu je? Mpunga wa huko Mpanda mmemaliza kuvuna? Sisi wazima. Mama mgongo unamsumbua kidogo, ila pamba tumemaliza kuchuma.

Nimekukumbuka mpaka naumwa. Miaka kumi na moja tangu tumzike bibi. Nilikuwa darasa la sita, ukanisuka nusu kichwa, gari likafika, ukaondoka. Nusu nyingine alimalizia mama, haikufanana.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikitaja Kimali tu, unasema mtandao unakata.

Mwanao nimepata kichaa kipya. Unajua nilivyojifundisha kutengeneza simu kwa kuangalia video. Sasa nimejifundisha matetemeko. Yaani tetemeko la zamani, ambalo huku kwetu hakukuwa na mashine ya kulipima, unalipima leo kwa yale watu waliyoyaona. Maji yalimwagika mtungini? Ukuta ulipasuka? Aliyelala aliamka? Kila kijiji unakipa namba, moja mpaka kumi na mbili, unaiweka kwenye ramani. Nikachukua lile lenu, la mwaka mmoja kabla baba hajazaliwa.

Mwalimu Deogratias, mstaafu wa Ipililo, ana daftari la marehemu baba yake. Alikuwa karani, alitumwa vijijini miezi mitatu baada ya tetemeko kuandika hasara. Nkololo, vyungu vimedondoka. Ipililo, vihenge viwili vimelala. Kimali, nyumba kumi na nne hazina paa, kuta zimebaki nusu. Niliruka ruka kama mwehu. Kimali nikaipa tisa, nikatamba mwezi mzima.

Juni nikaenda Kimali kwa mzee Ngeleja, yule mliyechunga naye. Nikamsomea daftari. Alicheka mpaka akakohoa, akaniita msomi wa simu. Akasema nyumba iliyoangushwa na ardhi, miti yake unaikuta chini ya udongo. Hizo kumi na nne hazikuwa na mti hata mmoja, maana wenyewe walipaogopa mahali pale, wakang'oa miti ya paa, wakaipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe, wakahama nayo kwenda kujenga kwingine. Kuta zikamalizwa na mvua. Karani alikuta magofu, akaandika hasara. Na mimi Msukuma mzima, ninayelala chini ya miti iliyotoka hukohuko Kimali, sikuwaza.

Nikaishusha Kimali mpaka sita. Hapo ndipo nilipokosa raha, sengi.

Baba aliniambia zamani. Ulikuwa na miaka tisa, uko mlangoni unapepeta mtama, umeachiwa mdogo wako Mihayo wa miaka mitatu amelala ndani. Ardhi ikatikisika, wewe ukajikuta nje, yeye ukuta ukamwangukia. Na siku zote unasema ulikimbia ukamwacha, kwamba ungembeba.

Sita maana yake mtu anayumba lakini anatembea. Sita ingekuwa inakubaliana na wewe. Nilikaa na hiyo namba wiki mbili. Kukuandikia siwezi, na kuidanganya ramani sitaki.

Nikarudi kwa Ngeleja. Safari hii sikuuliza habari za nyumba, nilimuuliza yeye mwenyewe alifanya nini. Akasema: "Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwenye nguvu. Nilianguka mara tatu. Baba yangu alitambaa kama mtoto, na ng'ombe zizini walipiga magoti. Hakuna aliyesimama mpaka kulipotulia."

Nikatafuta wazee wengine wawili, kila mmoja kwake, bila kuwaambia mwenzao kasema nini. Wote walisema walitambaa.

Hiyo ni nane, sengi. Na sikuipandisha kwa sababu yako. Hata ungekuwa mtu nisiyemjua, ningeandika nane. Mahali ambapo mwanaume mzima anatambaa, mtoto wa miaka tisa hambebi mtu. Hukukimbia. Siku ile Kimali hakuna mguu uliokimbia.

Barua hii nimemsomea baba. Unamjua si mtu wa maneno. Aliacha kushona gunia, akaangalia chini, akasema: "Huyo kaka mimi sikumwona. Dada ndiye niliyemwona. Mwambie aje."

Halafu akaniuliza basi la kutoka Mpanda linafika Bariadi siku gani. Nikamwambia sijui. Kesho yake akaenda stendi mwenyewe kuuliza.

Msalimie dada Flora na wanawe, na jirani yenu mzee Marcelo. Mama anakusalimu, Precious naye. Mungu akutunzie kifua hicho, akufungulie njia.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukungoja,
Nyamizi