Arifa kwenye kompyuta ya Okwir

Mbambu, Docus amekimbilia hapa kwangu.

Si unajua amekuwa akitafuta chumba Luzira kwa siri, amkimbie mumewe Okwir? Alitumia kompyuta ya nyumbani, akaruhusu arifa za tovuti ya vyumba, akasahau kuzizima.

Leo mchana Okwir anatazama mpira kwenye kompyuta hiyohiyo, arifa ikachomoza: "Docus, chumba chako cha Luzira bado kipo."

Akaisoma kwa sauti. Kwa sauti, Mbambu! Kisha akauliza polepole, "Unahama na nani?"

Docus akasema anaenda kununua mkaa. Akarukia boda, kandambili miguuni.

Sasa ananiuliza arifa zinazimwaje. Nimjibu nini? Kompyuta anayo Okwir, na tangazo la chumba hicho lina ramani mpaka mlangoni.