Nimeosha Ubao wa Mchumba Wangu

Bibi Mshauri,

Nakuamkia kwa heshima. Nina furaha na aibu kwa wakati mmoja, na sijui ni ipi kati ya hizo inayousukuma mkono wangu, kwa hiyo nivumilie ukiona maneno yanakimbia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, Mpokomo na Mwislamu, nilisoma shule Malindi kwa mama mdogo hadi darasa la nane, na sasa niko nyumbani karibu na Garsen, ambako kazi yangu kubwa ni kukaa juu ya ulingo shambani na kufukuza ndege wanaokula mpunga wa baba. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Kurani niliikhitimu nikiwa na miaka kumi na mmoja, watu wakala, nikavalishwa kanga mpya, na kumbe katika yote niliyoyasoma sikuwa nimeelewa hata mstari mmoja, wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kuelewa, nilidhani Kiarabu ni cha kusomwa tu kama vile mvua ni ya kunyesha tu. Mwaka jana nikamjua Bi Fosia, mke wa Maalim Elmi, Wasomali wenye duka la nguo na sukari hapa Garsen. Maalim husomesha wanaume barazani mbele ya duka, na Bi Fosia husomesha wasichana uani, tena si kusoma kwa sauti peke yake bali maana ya neno na kazi yake katika sentensi, nani ametenda na nani ametendewa. Siku ya kwanza alinisikiliza nikisoma akaniambia, "Kichwa yako nzuri, lakini ulimi yako kama mtu nasukuma lori." Kisha akanipa maneno ishirini ya wiki.

Hayo maneno nilikwenda nayo ulingoni, Bibi, na kila jiwe nililolirusha kwa kombeo nililitupa na neno lake na maana yake, jiwe moja neno moja, hata siku ya ndege wengi ikawa ndiyo siku ninayojifunza zaidi, na nikaona ajabu kwamba mengi nilikuwa nayo mdomoni tangu utotoni, ardhi, rehema, kitabu, adhabu, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo aliouvaa shingoni. Ijumaa moja nikiwa na wanawake uani mwa msikiti, imamu akasoma, na katikati ya sauti yake likatoka neno anhaar, na kabla sijalitafuta nikajua kuwa ni mito, mito, mimi niliyezaliwa hatua hamsini kutoka ukingoni, nikalia hadi shangazi Kibibi akaninong'oneza, "Umeumwa na siafu?" Nikamwambia ndiyo, maana sikuwa na maelezo mengine mafupi.

Sasa nije kwa Swaleh. Ni mkulima wa kijiji cha ng'ambo, ana miaka ishirini na minne, na akisoma Kurani hata wanaovuka mto hupunguza kasia wamsikilize. Alipokuja kuniposa baba aliniuliza nataka mahari gani, na mimi, kwa kuwa niliamini kwamba anayesoma vile hawezi kuwa haelewi, nikasema mahari yangu iwe anifundishe nahau, ile sarufi ya Kiarabu, na maana za Kurani, juzuu ya mwisho yote. Baba mdogo Godhana akasema, "Mwanangu, ng'ombe hukamuliwa. Nahau haikamuliwi." Watu wakacheka. Baba yangu, mzee Dhadho, akasema, "Mahari ni yake. Angetaka mto ningemwambia haubebeki." Wakamtazama Swaleh, naye akajibu upesi, "Nimekubali." Arusi ikapangwa Mfungo Mosi, mara Ramadhani ikiisha, na tangu siku ile, kwa desturi yetu, mimi naye hatusemezani wala hatuonani, neno lolote hupita kwa shangazi.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kwa Bi Fosia nikauona ubao wa Swaleh. Mbao za wanafunzi wote, wa barazani na wa uani, huegemezwa ukuta mmoja karibu na mtungi, na kila mmoja una jina la mwenyewe juu. Somo lake lilikuwa lile la mwanzo kabisa, la maneno ishirini, na kati ya maana ishirini alizoziandika amekosea kumi na moja. Nilisimama pale nikahisi nimemvua mtu nguo. Kumbe hajui, ana sauti tu kama nilivyokuwa na sauti mimi, na kumbe alikuwa akitembea maili sita kila Jumamosi kuja kutafuta kitu alichoniahidi kunipa. Sikumdharau, naapa, nilimpenda zaidi kuliko nilipodhani anajua, lakini sikumwambia mtu, na wiki iliyofuata nikachukua kalamu ya mwanzi nikamsahihishia makosa mawili, wiki nyingine matatu, naye akadhani ni mkono wa Maalim, nikasikia kwamba alimshukuru.

Alhamisi moja nikiwa peke yangu uani nikamsikia binamu yangu Mwanaarusi anaingia, na Mwanaarusi ni mtu ambaye ukimpa habari asubuhi, adhuhuri imekwisha kufika Minjila. Ubao wa Swaleh ulikuwa umetazama nje, jina juu na makosa chini. Niliona nitasikia kila kisima kikimcheka, yule msomaji mkubwa anajifunza maneno ya watoto, basi nikauchukua ubao nikauosha mtungini.

Wewe uliye mjini labda hujui uzito wa jambo hilo, kwa hiyo nieleze. Kwetu ubao hauoshwi mpaka mwalimu akusikilize na akuruhusu, na ukioshwa maana yake umefaulu, wala somo lililooshwa haliandikwi tena, huonekana ni kurudisha baraka nyuma, na nyumbani kwako hupikwa chakula watu wale. Maalim alipoukuta mweupe akadhani mkewe alisikia kijana akisoma akaridhika, Bi Fosia akadhani ni mumewe, na Swaleh alipokuja akaandikiwa somo la vitendo, ambalo mimi mwenyewe lilinitoa jasho mwezi mzima. Alimwambia Maalim, "Lakini mimi sijafaulu," Maalim akacheka, "Mwanafunzi nzuri ndiyo nasema hivyo." Mama yake akapika wali wa nazi, kijiji kikala, na mimi nikaletewa sahani yangu, nikaila, Bibi, na ulikuwa mtamu.

Sasa Swaleh amekwama. Juzi alimwambia baba mdogo Godhana kwamba anataka arusi iahirishwe mwaka mzima, maana hatasimama mbele ya mashahidi aahidi asichokuwa nacho, na Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu, kabla ya Ramadhani kuingia, atakuja kumwambia baba. Baba mdogo amefurahi sana, anapita akisema, "Niliwaambia haikamuliwi, sasa hata chuchu hazionekani." Nikinyamaza, arusi inaondoka kwa kosa langu. Nikisema, Swaleh atajua kwamba mke anayemwoa amemtangulia katika jambo lile lile aliloahidi kumfundisha, na kwamba amekuwa akimchungulia na kumsahihisha wiki tatu. Nimefikiri nijifanye sijui kitu, anifundishe hayo maneno ishirini nami niyapokee kama mapya, naweza, uso wangu hausemi mambo. Je, nifanye hivyo? Au nimwambie na nimpoteze?

Mimi,
Binti wa Ulingoni


JIBU

Binti wa Ulingoni,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili kwa kukukasirikia, na nitakujibu kwa hali zote mbili.

Hongera kwanza. Umefanya kwa mawe na ndege jambo ambalo wengi wenye vitabu na taa nzuri hawalifanyi. Usimwombe mtu radhi kwa kujua, wala Swaleh, wala mzee wako Godhana.

Sasa ukae vizuri. Unasema uliuosha ule ubao ili asichekwe. Jiulize tena, polepole, maana naona wewe ni mtu wa kujiuliza. Mwanaarusi angeeneza kwamba Swaleh hajui, na angeeneza pia kwamba wewe, msomi wa Malindi, uliomba mahari ya elimu kwa mtu asiyekuwa nayo. Ni aibu ya nani uliyoiosha? Nadhani ni mbili, na yako ilikuwa juu. Yeye aibu yake alikuwa ameiegemeza ukutani na jina lake juu yake, kila anayepita aione. Kijana anayesifiwa mto mzima kwa usomaji, akakubali kuketi barazani na ubao wa mwanzo kwa ajili ya neno alilokuambia, huyo hakuhitaji kufichwa. Alihitaji kuachwa amalize somo lake.

Na kumsahihishia kwa siri kulikuwa kumnyang'anya. Makosa kumi na moja yalikuwa mali yake, alikuwa na haki ya kuyaona mwenyewe.

Kuhusu kujifanya hujui, nakukataza. Leo utajifanya hujui maneno ishirini, mwakani utajifanya huoni shamba linaliwa, na baada ya miaka kumi atakuwa anaishi na mwanamke ambaye hajawahi kukutana naye. Unasema uso wako hausemi mambo. Hilo si la kujivunia mbele ya mume.

Unaogopa kwamba akijua umemtangulia atakuacha. Inawezekana. Mimi simjui. Lakini nimesoma ulivyoandika kwamba alimwambia mwalimu wake "sijafaulu" wakati kila mtu alikuwa tayari kumpongeza. Mtu anayeweza kulisema hilo, nadhani ataweza kulisikia la kwako. Tena ana haki ya kuamua akiwa anajua yote. Ahirisho analotaka kuliomba ni zao la udanganyifu wako, na hajui.

Basi fanya hivi, na ufanye kwa haraka. Siku unayopokea barua hii nenda kwa Bi Fosia, mwambie uliosha ubao usio wako. Atakugombeza kwa Kiswahili chake na utastahili. Yeye amwambie mumewe, na Maalim amrudishie Swaleh somo lake la kwanza. Kama desturi inazuia kuliandika tena, yule ni mwalimu, atajua njia; kulisoma kwa mdomo hakukatazwi na ubao wowote.

Siku hiyo hiyo umtume shangazi Kibibi ng'ambo. Usimpe maneno ya kuzunguka. Amwambie Swaleh hivi: ni mimi niliyeosha ubao wako, ni mimi niliyesahihisha, nimekutangulia katika nahau na maana, na nilipoomba mahari ile nilidhani wewe unazijua kuliko mimi. Shangazi ayarudie mbele yako kabla hajapanda mtumbwi, mara mbili, maana mashangazi wana tabia ya kupamba.

Halafu mahari. Uliomba kitu asichokuwa nacho na ukaacha alichonacho. Bi Fosia amekuambia kuhusu ulimi wako, na mimi namwamini. Mwombe baba yako mahari ibadilishwe kabla ya nikaha, kwa kukubaliana nyote, Swaleh akufundishe kuisoma Kurani kama anavyoisoma yeye, herufi mahali pake, pumzi mahali pake, juzuu ile ile. Hilo anaweza kulitoa, na wewe hulijui. Atakayefungisha nikaha aelezwe mapema, yeye ndiye mwenye neno la sheria, mimi nina neno la busara tu. Maana za maneno mtasoma pamoja jioni mkishatoka shambani, bila kuandikishana, na asiulize mtu nani amemfundisha nani.

Mzee Godhana akirudia lile la kukamua, mpikie chai umwache aseme. Kila ukoo unahitaji mmoja wa namna hiyo, la sivyo arusi zingekuwa na kimya sana.

Neno la mwisho, ulisikie kuliko yote. Umebadilisha majina ukadhani umejificha. Katika Tana yote, tangu Bura hadi Kipini, wasichana wangapi wameomba nahau wakaacha ng'ombe? Barua yako na jibu langu vitachapishwa Jumamosi ya tatu ya mwezi, na natambua gazeti hili huko kwenu husomewa watu kwa sauti, pengine kwenye baraza hiyo hiyo ya Maalim. Nimekutumia nakala hii kwa posta ilitangulie gazeti kwa siku kumi. Siku kumi hizo ndizo zako. Swaleh akiwa amekwisha kusikia kutoka kwako, ataketi pale akicheka na wenzake, na huenda akaomba asomewe tena pale anaposifiwa sauti. Asipokuwa amesikia, atajifunza habari za mchumba wake kutoka kinywani mwa muuza sukari.

Vaa viatu. Kwa Bi Fosia ni karibu.