Jiwe Lililokuwa Chupani

Maabara ya Kemia, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 318.
14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana najua ukisimama kiuno hakikuachii. Je, usingizi unaupata? Maji unakunywa, au bado unalalamika kwamba yanakupeleka msalani kama mtoto? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia.

Majani mengine ya dawa ya mawe uliyompa binti yako kitindamimba aniletee yamefika. Umeyafunga mafundo mengi hata ikabidi nitumie mkasi, nikacheka peke yangu. Kisha akanieleza mengine, na kicheko kikaniishia. Sikujua kwamba uliacha zamu yako ya kufanyiwa upasuaji wa kutoa mawe. Sikujua kwamba figo ya kushoto haifanyi kazi tena. Pole sana, Shangazi yangu.

Ngoja nikueleze kazi yangu vizuri, maana Baba huwaambia wageni kwamba binti yake amesoma miaka yote hiyo ili awe mkulima wa kokoto. Kweli naotesha. Namimina rojo kwenye vichupa vyembamba, linaganda kama uji uliopoa, kisha juu yake natia maji yenye kalsiamu. Yanashuka polepole, na yakikutana na oksaleti, ile chumvi ya mkojoni niliyoitia ndani ya rojo, punje nyeupe zinaanza kuota. Ni mawe yale yale ya figo. Kwenye hadubini mengine yana umbo la bahasha iliyofungwa. Yanapendeza, ila siku hizi sitamani hata kuyatazama.

Chupa zangu nimezipa majina ya ukoo, kwa utani tu. Ipo Mjomba, ambayo inachelewa kila kitu. Ile niliyoitia maji ya majani yako ya awali nikaiita Shangazi. Siku nilipoona punje zake hazikui, nilimpigia Baba simu kwa furaha: “Jiwe la Shangazi limeacha kukua!” Baba unamjua, habari njema haimlazi. Akakimbilia kwako, nawe ukampisha mgonjwa mwingine. Mimi nilisema chupa, ninyi mkasikia figo. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mimi.

Baadaye nilichukua jiwe halisi lililotolewa kwa mgonjwa hospitalini, nikaliloweka kwenye maji ya majani yale yale mwezi mzima. Nililipima kabla na baada. Halikupungua hata chembe. Majani yako yanazuia punje changa, tena chupani. Jiwe lililokwisha kuwa jiwe hayaliwezi. Siku hiyo sikumpigia Baba. Nani hupiga simu kusema kwamba hakuna kilichotokea? Ningepiga, pengine ungewahi. Najuta mno.

Sasa naambiwa daktari anataka kulitoa jiwe la figo ya kulia kabla figo hiyo nayo haijaharibika, nawe unamjibu kwamba unangoja dawa ya mtoto wako. Shangazi, dawa sina. Nina mawe tu. Naumia kuyaandika haya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniamini kama wewe. Wengine walipokuwa wakinifukuza jikoni na makopo yangu, wewe ulinipa kona na jina la kujivunia, Mama Chupa. Nisamehe, lakini safari hii usiniamini mimi. Mwamini daktari.

Nimeomba ruhusa kazini. Alhamisi nitakuwa mlangoni kwako, na tutakwenda hospitali pamoja. Fungasha khanga zako mapema, usije ukaanza kutafuta visingizio.

Mwambie Baba namsalimu, tena asijilaumu. Alibeba tu maneno niliyompa. Mbusu kitindamimba wako, kaniletea ukweli ambao wakubwa waliuficha. Mungu ailinde figo iliyobaki, na mikono ya daktari aitie wepesi.

Ukitaka kunigombeza, haki unayo, nami nitakaa kimya nisikilize. Ila nakuomba, unigombeze ukiwa umeshatoka kwenye upasuaji.

Wako akupendaye na anayekuhitaji bado,

Mama Chupa