Wivu Wangu kwa Bruda Kipriani

Dada yangu Mwajabu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kibondo, wewe na shemeji Haidari, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, nakula samaki wa pwani mpaka naona aibu. Simu ningekupigia, lakini wewe ukianza kufoka hupumui. Barua huwezi kuikatiza.

Najua unachotaka kujua: Shadia wangu anarudi Kasulu au harudi? Tulia.

Unakumbuka alikuja huku kumzika shangazi yake. Matanga yalipokwisha akapata kibarua kwa watawa. Wana monasteri ya zamani, kuta nene za matumbawe, na ndani mna famasi waliyochanganyia dawa kabla babu yetu hajazaliwa. Sasa inasafishwa ili wageni waje kuitazama, na kazi ya Shadia ni kuosha makopo ya dawa ya kaure. Nilicheka sana. Sisi watu wa Kigoma, Tanzania nzima inatuogopa kwa dawa! Mke wangu mimi Gharibu, ambaye meza yangu ya mitishamba sokoni Kasulu inajulikana mpaka Burundi, anafuta vumbi la dawa za Wazungu!

Kicheko kilikauka alipoanza habari za mtawa mmoja, Bruda Kipriani. Kila nikipiga simu, Bruda kasema hivi, Bruda kanichekesha vile. Mimi mwanaume niliyefika Bujumbura na Lubumbashi, nikawa nahesabu kwa vidole mara anazomtaja. Nduwayezu, jirani yangu wa meza, akanichochea kwamba bruda anayesifiwa namna hiyo si bruda tena, ni mwenzangu.

Nikapanda basi. Nikavaa kanzu ya Idi, nikajipaka manukato, nikamtie mtu adabu. Naingia famasini: harufu ya karafuu na nta, mizani ya shaba, makopo yameandikwa Kilatini. Na mke wangu amechuchumaa, anapiga makofi taratibu, mbele yake kikongwe asiye na jino anamjibu kwa makofi. Wanasalimiana Kiha, dada! Mwakeye, yaani habari za asubuhi, na watoto je, na ng'ombe je, na mihogo je, salamu isiyo na mwisho. Kumbe Bruda Kipriani ni Muha wa Munanila, huko huko kwetu Kigoma.

Mwenye akili angefurahi. Mimi wivu ndio ukapanda. Kijana ningempiga, kikongwe utampiga wapi? Nikamwuliza Shadia mbona mimi hanisalimii hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba alijaribu tulipooana, nikamwambia aache ushamba wa kwao Heru Juu, mimi mjukuu wa watu wa pwani sipigiwi makofi kama niko ngomani.

Sasa kaa chini, dada. Pale pale, mbele ya makopo, nilimtamkia talaka. Moja. Kwa ajili ya mzee aliyeweka nadhiri ya kutooa mimi nikiwa sijazaliwa. Bruda alishika kichwa. Shadia hakulia, alirudi kuosha.

Shehe wa hapa akaniambia eda haijaisha, naweza kumrejea kwa neno tu. Nilipolipeleka neno langu, Shadia akasema yeye si kopo la kurudishwa kabatini. Ninyamaze mpaka aseme mwenyewe. Basi nikabaki. Watawa wakanipa chumba, nikawa naosha makopo kando ya Bruda, mikono inanuka siki, naye ananifundisha salamu. Magoti yangu yanalia kuliko makofi.

Leo asubuhi nilichuchumaa mbele ya Shadia, nikapiga makofi. Akaitika. Kisha, kama salamu inavyotaka, akaniuliza habari za nyumbani kwangu. Nikasema njema. Akauliza mke wangu je? Dada, mimi mwenye maneno ya kuuza gunia zima, nikarudia makofi tu. Akanijibia yeye, kwa Kiha, kwamba mke ni mzima, ana hasira, lakini yupo.

Nimemrejea. Tutarudi wote kazi ikiisha.

Nakuomba uende Heru Juu kwa mama yake kabla hajasikia kwa watu. Mweleze yote, usinitetee, na uchuchumae kwa niaba yangu. Wivu bado ninao, usidanganyike. Bruda akikohoa tu namtupia jicho.

Mpe shemeji mkono wangu, na wapwa zangu uwabusu. Mungu akulinde, nawe uniombee.

Ndimi mdogo wako, mume wa Shadia,

Gharibu